Wahandisi Watano Juu ya Slabu Moja

Jumamosi asubuhi, Kinondoni. Lori la zege limeshaegeshwa nje ya geti, ngoma inazunguka, dereva anachungulia saa. Juu ya slabu, sakafu ya zege, ya ghorofa ya nne tulikuwa wahandisi watano, kila mmoja na malipo yake. Mdogo wetu, kijana aliyemaliza chuo miezi minane kabla, alikuwa amepiga magoti ukingoni mwa baraza linaloning'inia nje ya jengo, futi kamba mkononi.

"Injinia, njoo uone hizi za juu. Zimelala."

Kweli zilikuwa zimelala. Mafundi waliopitisha mabomba ya umeme walizikanyaga nondo za juu mpaka zikashuka, zikawa zinagusana na zile za chini zilizokaa juu ya biskuti zake, vile vipande vidogo vya kuziinua. Kwa asiyejua, nondo ni nondo, ikae juu ikae chini. Lakini baraza lisilo na nguzo kwa mbele, likibebeshwa mzigo, huvutika upande wa juu, na zege peke yake haliwezi kuvutwa. Kazi hiyo ni ya nondo. Ikizama chini, chuma unacho, umekilipia, lakini hakisaidii kitu.

Nikasema leo hamwagi mtu zege mpaka nondo zile ziinuliwe na zifungwe upya. Mhandisi wa mkandarasi akanuna, na alikuwa na haki ya kununa, maana zege lililochanganywa kiwandani likipitisha kama saa moja na nusu halifai tena, na la kwenye lori lile lilikuwa limeshahesabiwa kwake. Mhandisi wa manispaa, aliyepita kukagua, akaandika kitu kwenye daftari lake. Bosi wangu, mwenye kampuni iliyobuni jengo, alikuwa pembeni kwenye simu akimwomba mwenye jengo malipo ya awamu ya pili.

Watano wote tuna shahada ya uhandisi ujenzi, miaka minne chuoni, hesabu zilezile na mitihani ileile. Ungemuuliza kila mmoja analipwa kiasi gani, ungeondoka na majibu matano yasiyoweza kukaa kwenye jedwali moja. Ndiyo maana mpwa wangu aliyeko kidato cha sita aliponiuliza, "Mjomba, wahandisi wa miundo wanapata shilingi ngapi?", nilimwambia anipe muda. Haya ndiyo niliyomjibu, kwa kirefu kidogo.

Tuanze na jina lenyewe. Hapa Tanzania kijana anayeingia shahada ya kwanza kwa kawaida husomea uhandisi ujenzi kwa ujumla wake: barabara, maji, udongo, majengo, madaraja. Uhandisi wa miundo, yaani kukokotoa kinachobeba mzigo wa jengo au daraja, ni njia anayoifuata baadaye, kwa kazi anazozipata au kwa shahada ya pili. Kwa hiyo ukitafuta mshahara wa mhandisi wa miundo kwenye tangazo la serikali, mara nyingi utakutana na "Mhandisi Daraja la II (Ujenzi)" tu, na pengine anayeipata nafasi hiyo atapelekwa kusimamia makalavati. Marekani nako takwimu za ofisi ya kazi zinamhesabu mhandisi wa miundo ndani ya kundi la wahandisi ujenzi. Kwa hiyo anayekutajia mshahara wa mhandisi wa miundo, ukimbana, utakuta mara nyingi anakutajia wa mhandisi ujenzi.

Sasa tumrudie yule kijana wa futi kamba. Sitataja mshahara wake kwa sababu ni wake. Tuchukue mfano rahisi kwa hesabu: mhitimu aliyeajiriwa kwa mshahara wa msingi wa shilingi 1,000,000 kwenye kampuni binafsi. Nyumbani wanasikia milioni. Mama ameshaambia majirani. Tuifungue hati ya mshahara.

NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10, yaani 100,000. Zinabaki 900,000 za kutozwa kodi. Kwa viwango vinavyotumika Tanzania Bara tangu Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza hazina kodi, halafu asilimia inapanda kwa ngazi: 8, 20, 25, hadi 30 kwa kila kinachozidi milioni moja. Kwa 900,000 kodi inakuja 103,000. Halafu Bodi ya Mikopo. Kama alisomeshwa kwa mkopo, na wengi wetu tulisomeshwa hivyo, anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 150,000. Mkononi anabaki na 647,000.

Tuitazame milioni hiyohiyo kutoka upande wa mwajiri. Yeye analipa NSSF asilimia 10 yake, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi nusu asilimia, na kama ana waajiriwa kumi au zaidi, tozo ya ujuzi asilimia 3.5. Jumla anatoa 1,140,000. Kwa hiyo kati ya mfuko wa bosi na mfuko wa kijana zinapotelea njiani 493,000 kila mwezi. Nimeshuhudia ugomvi mwingi wa nyongeza ambao kiini chake ni hapa tu: bosi anahesabu kilichotoka kwake, kijana anahesabu kilichoingia kwake, na wote wawili wanasema kweli.

Jambo moja zaidi kwenye hati hiyo. Zipo ofisi zinazopenda kuandika mshahara wa msingi mdogo na posho nyingi. Makato ya Bodi ya Mikopo yanafuata mshahara wa msingi, kwa hiyo mkononi huwa panapendeza. Ila mchango wa NSSF ukihesabiwa kwenye kiasi kidogo, unayeumia ni wewe mwenyewe siku ya kustaafu. Na posho huondolewa kirahisi kuliko mshahara, mara nyingi bila hata barua.

Miaka mitatu ya mwanzo ndiyo inayochanganya wengi, kwa sababu kijana ana shahada, watu wanamwita injinia, naye kisheria hawezi kusimama kama mhandisi mtaalamu. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, inamsajili kwanza kama mhandisi mhitimu. Kisha anatakiwa kufanya kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa na kujaza kumbukumbu za alichofanya. Tangu 2003 bodi ina mpango wa miaka mitatu, SEAP, unaowapeleka wahitimu makazini kwa mafunzo hayo. Kwa miaka kadhaa ubalozi wa Norway uliwafadhili wahandisi wanawake kwenye mpango huo, na baadhi ya madada ninaokutana nao leo saitini wakiwa na kofia nyeupe walipitia hapo.

Katika miaka hiyo kijana ni gharama kwa ofisi. Anakokotoa bimu siku nzima, halafu mkubwa wake anatumia saa mbili kukagua alichokokotoa. Mchoro wake haujengewi mpaka mtu mwingine asaini. Ofisi inamlipa kidogo kwa sababu saini haipo, na siku ya maombi ya mshahara watakuambia hivyohivyo, pengine kwa maneno laini zaidi. Mimi mwaka wangu wa kwanza nililipwa nauli na chakula cha mchana kwa miezi minne, nikaambiwa najifunza. Najua ofisi zinazofanya hivyo hadi leo. Sioni sababu ya kuipaka rangi: anayekokotoa nondo za jengo la watu anafanya kazi, hata kama anajifunza.

Akishakubaliwa kuwa mhandisi mtaalamu, mambo yanabadilika, ila si kwa namna anayoitarajia. Wengi hudhani cheti kikitoka, mwezi unaofuata mshahara unapanda. Ofisini mara nyingi hakuna kinachotokea. Kinachobadilika ni thamani yake kwa watu wa nje. Sasa kampuni nyingine inaweza kuandika jina lake kwenye zabuni, na mkandarasi anayehitaji mhandisi aliyesajiliwa ili kampuni yake ikamilike anaweza kumpigia simu. Ndiyo maana nyongeza kubwa ya kwanza ya mhandisi wa miundo hapa kwetu huja kwa kuhama. Anayengoja palepale atangoja sana.

Hapo ndipo njia tatu zinapoachana, na ndipo majibu ya wale watano wa kwenye slabu yanapoanza kutofautiana.

Yule wa manispaa yuko kwenye ngazi za serikali. Mhandisi Daraja la II huanzia ngazi ya mshahara iitwayo TGS E, halafu Daraja la I, Mwandamizi, Mkuu. Mshahara wake haujui kama jengo alilokagua lina ghorofa mbili au ishirini. Unapanda kwa miaka, kwa tathmini, na kwa bajeti ya kupandisha madaraja, ambayo kuna miaka imegoma. Lakini anachangia mfuko wa hifadhi asilimia 5 tu huku mwajiri akiweka 15, mshahara haukosi, benki inamkopesha bila maswali mengi, na akisafiri kikazi ana posho ya kujikimu. Yule aliyeko kwenye wakala au shirika la umma lenye ngazi zake mwenyewe anaweza kuwa juu yake kwa kiasi kinachoonekana, wakati walihitimu siku moja. Vijana wengi wanaidharau njia hii wakiwa na miaka 25 na kuitafuta wakiwa na 35, wakati watoto wameanza shule.

Yule wa mkandarasi analipwa kwa mradi. Mradi ukiwepo, mara nyingi anatuzidi wote mkononi, kwa sababu ana nyumba ya kampuni, chakula, gari, na fedha za kufanya kazi mbali na nyumbani. Nchi hii imekuwa na kazi kubwa mfululizo: Daraja la Nyerere kule Kigamboni lililofunguliwa 2016, reli ya SGR, bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, daraja la kilomita tatu la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Wahandisi vijana wa Kitanzania walikuwepo kote huko. Lakini mradi una mwisho. Mtu anapata fedha nzuri miezi thelathini, halafu anakaa nyumbani miezi saba akituma maombi. Ukitaka kujua mapato yake, gawanya jumla kwa miezi yote, pamoja na ile saba. Wengi hawafanyi hesabu hiyo, na wanaowaonea wivu hawaifanyi kabisa.

Mimi niko kwa mshauri, ofisi ya usanifu wa miundo, na huku kuna jambo ambalo watu wa nje hawaliamini nikiwaeleza. Mhandisi hapandi thamani kwa kujua kukokotoa tu. Programu ya kompyuta inakokotoa kuliko sisi sote, na kijana wa mwaka wa pili anaiendesha haraka kuliko mimi. Anapanda kwa sababu ya wasifu wake. Zabuni za ushauri za miradi mikubwa, hasa inayofadhiliwa na mabenki ya maendeleo, hutoa alama kwa majina ya wataalamu wakuu: ana miaka mingapi tangu asajiliwe, amesimamia madaraja mangapi ya urefu gani, amewahi kuwa mhandisi mkuu wa miundo kwenye mradi unaofanana. Mtu mwenye miaka 15 na madaraja matatu kwenye karatasi anaweza kuiletea kampuni kazi ya mabilioni kwa jina lake tu. Akilijua hilo, ana nguvu ya kuomba. Nawafahamu waliolijua wakiwa na miaka 50, wakatamani wangelijua wakiwa na 38.

Tuseme huyo amefika mshahara wa msingi wa 3,500,000. NSSF ni 350,000. Kodi ya kinachobaki ni 773,000. Kama mkopo wa chuo bado, Bodi inachukua 525,000. Mkononi ni 1,852,000. Ukilinganisha na yule mhitimu wetu, mshahara umepanda mara tatu na nusu, lakini kilichofika nyumbani hakijafika hata mara tatu, kwa sababu sehemu kubwa ya nyongeza yote imeangukia kwenye ngazi ya asilimia 30. Siku deni la mkopo linapokwisha, anapata 525,000 zaidi kila mwezi bila mtu kumwongeza hata senti. Mwenzangu mmoja alifanya sherehe siku ile kuliko siku aliyopandishwa cheo.

Mpwa wangu aliuliza na habari za nje, kama vijana wote. Marekani, kwa takwimu za Mei 2024, mshahara wa kati wa mhandisi ujenzi ulikuwa dola 99,590 kwa mwaka. Asilimia kumi ya chini walipata chini ya dola 66,000, na asilimia kumi ya juu walizidi 160,000. Inavutia. Lakini tazama kinachotenganisha wa chini na wa juu kule: ni saini ileile. Majimbo mengi hutaka kama miaka minne ya uzoefu baada ya shahada, pamoja na mitihani, ndipo upewe leseni ya kupiga muhuri. Illinois, jimbo la Chicago, lilianza kuwapa wahandisi wa miundo leseni yao wenyewe mwaka 1915, na mtihani wao maalumu sasa ukiunganisha sehemu zake zote unapita saa 20. Mtanzania anayekwenda na shahada na uzoefu wa miaka kumi kwa kawaida huanza tena kama asiye na saini, analipwa kama asiye na saini.

Ghuba ni hadithi nyingine. Dubai mshahara haukatwi kodi ya mapato, na Oman pia bado, ingawa Oman imeshapitisha sheria ya kutoza asilimia 5 kuanzia 2028 kwa wanaozidi rial 42,000 kwa mwaka, kiwango ambacho mhandisi wa kawaida hakigusi. Wanaokwenda huko hurudi na nyumba. Wengine hurudi na miaka minane ya kuchora michoro ya nondo iliyosainiwa na mtu mwingine, na bodi ya nyumbani inapouliza alisimamia nini mwenyewe, jibu linakuwa fupi.

Nimemwacha bosi wangu awe wa mwisho, yule wa kwenye simu. Watu wanadhani ndiye tajiri wa slabu ile. Ana gari zuri, hilo nakubali. Tufanye hesabu ya mfano. Jengo la shilingi bilioni 2, ada ya miundo wamekubaliana asilimia moja na nusu: milioni 30. Mlipaji anazuia asilimia 5 ya kodi ya zuio, anabaki na 28.5. Kazi hiyo itachukua miezi miwili ya kubuni na miezi kumi na minne ya kutembelea saiti. Yule kijana wa futi kamba peke yake, akikaa kwenye kazi hiyo nusu ya muda wake, anagharimu zaidi ya milioni 9. Kuna mimi, kuna mchoraji, kuna pango la ofisi, leseni ya programu, mafuta. Na ada hiyo hailipwi kwa mkupuo. Ya kwanza inakuja mwenye jengo akiwa na hamu ya michoro, ya pili inakuja kwa kusukumwa, ya mwisho ndiyo hiyo inayodaiwa wakati wapangaji wameshahamia. Bosi anaishi kwa kuwa na majengo tisa kwa wakati mmoja. Yakibaki manne, sisi tunapokea mshahara wetu, yeye hapokei chochote. Mwaka 2020 nilimwona akiuza kiwanja ili tulipwe.

Kuna fedha nyingine ambayo haiingii kwenye hati yoyote, na sipendi kuizungumzia lakini ukweli hautakamilika bila yake. Nazungumzia kuuza saini. Mtu amejengewa na fundi, michoro imenakiliwa kwenye jengo la jirani, manispaa wanataka muhuri. Anakuja na bahasha: "Injinia, wewe gonga tu, jengo limeshasimama." Mimi nimefuatwa na laki mbili, nimefuatwa na laki tano. Kwa mtu ambaye mkononi anabaki na laki sita na kitu kwa mwezi, hiyo si fedha ndogo, na wanaokuja nayo wanalijua hilo vizuri.

Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka asubuhi na kuua watu 36. Waliofikishwa mahakamani kwa mashtaka ya kuua bila kukusudia walikuwemo wahandisi. Nilikuwa kazini mjini siku ile. Tangu hapo, bahasha ikija, huwa naigawanya kwa miaka ambayo jengo litasimama. Laki tano kwa miaka hamsini ni shilingi elfu kumi kwa mwaka, na kila mwaka kati ya hiyo hamsini jina langu liko ukutani mwa chumba anacholala mtoto wa mtu.

Kule Kinondoni nondo ziliinuliwa, zikafungiwa vishikizo kila baada ya mita moja, nikapima mwenyewe kwenye sehemu kumi na mbili. Lori la pili likafika saa tisa alasiri. Zege lilimwagwa mpaka saa mbili usiku. Fundi nondo na wenzake walilipwa siku mbili, maana kosa halikuwa lao. Mhandisi wa mkandarasi alikuwa na posho yake ya kazi za mwisho wa wiki. Mimi na bosi hatukuongezewa kitu.

Kijana alibaki mpaka mwisho, akajaza kyubu sita za zege, sampuli za kupimia nguvu yake: tatu za kuvunjwa siku ya saba, tatu siku ya ishirini na nane. Hakulipwa ziada wala nauli ya bodaboda ya kurudi Mbagala. Jumatatu akaniletea daftari lake la mafunzo ili nilitie saini: tarehe, ghorofa ya nne, nondo za juu za baraza kutokuwa mahali pake, zege limezuiwa kwa saa sita. Nikamwambia aongeze mchoro mdogo pembeni, aonyeshe zilikuwa wapi na zilipaswa kuwa wapi, kwa sababu kwenye usaili wa bodi wataufungua ukurasa huo na kumuuliza kwa nini.